Wa Kwanza Kuuona Mnara

Treni zilizowapeleka watoto wa Oldham, Bolton na Burnley kwenye bahari ya Blackpool zilikuwa na mchezo mmoja. Zikishaipita stesheni ya Preston, watoto walibanana madirishani, kwa sababu aliyekuwa wa kwanza kuuona Mnara alipewa sarafu na wazazi wake. Nchi ya pale ni tambarare, na Mnara, wenye urefu wa mita 158, hujitokeza juu ya mashamba kitambo kizuri kabla bahari haijaonekana. Wazee waliokulia katika miji ya viwanda ya Lancashire, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, wakisimulia utoto wao wa pwani huanzia hapo dirishani. Bahari huja baadaye. Wengine hata hawaitaji.

Wasilaumiwe. Bahari ya Ireland ni baridi hata mwezi wa Julai, maji yake yana rangi ya udongo, na yakitoka hutoka mpaka ukayatafuta kwa macho. Mtu wa Bagamoyo au Lamu angeitazama pwani ile akauliza umati wote ule umefuata nini. Ulichofuata kilikuwa nchi kavu: tramu zilizopita kando ya ufuo, na mabembea. Mtoto hakuwa na sababu ya kuvitenga viwili hivyo. Alilipiwa, akapanda, kengele ikalia, upepo ukampiga usoni, akateremka akiomba arudishwe tena. Jambo la ajabu katika historia ya Blackpool ni kwamba manispaa yake nayo ilifikiri hivyohivyo kwa zaidi ya miaka mia moja, na kwa ajili hiyo ikabaki na tramu zake wakati miji mingine ya Uingereza imekwisha kuziuza kama chuma chakavu.

Tuanze na viwanda, maana bila pamba hakuna Blackpool. Lancashire ya karne ya 19 ilisokota na kufuma pamba kwa ajili ya dunia nzima. Baadhi ya vitambaa vyake, vikipitia mikononi mwa wafanyabiashara wa Manchester, vilishushwa Zanzibar na Mombasa, na kanga za mabibi zetu zimewahi kuchapwa huko. Kila mji wa viwanda ulikuwa na juma lake la mapumziko, masalia ya sikukuu za kale za makanisa, na juma hilo likifika mji mzima ulifungwa. Oldham walipumzika mwishoni mwa Agosti, wengine Julai, wengine Juni. Waskoti wa Glasgow nao walishuka Julai. Mioto ya boila ilizimwa, mafundi wakaingia kusafisha, mabomba ya moshi yakakaa bure, na wachache waliobaki nyumbani wakaviona vilima vilivyofichwa na moshi mwaka mzima. Waliokwenda pwani walikutana mchangani na majirani walewale wa mtaa uleule, ila sasa wamevaa kofia.

Juma hilo halikuwa na mshahara. Sheria ya likizo yenye malipo ilipitishwa mwaka 1938 tu. Kabla ya hapo familia ziliweka akiba kidogo kidogo katika vyama vya kiwandani, mfano wa upatu wetu, na fedha ziligawanywa safari ilipokaribia. Mtoto aliijua hesabu hiyo vizuri. Mama akikataa kununua kitu mwezi wa Februari, kukataa huko kulikuwa kumekwisha kugeuka nauli ya Agosti. Huko Blackpool familia nzima ililala chumba kimoja katika nyumba ya wageni. Wengi walikuja na chakula chao wenyewe, wakamkabidhi mama mwenye nyumba awapikie, naye akatoza malipo ya jiko, na wako waliotoza hata chumvi na pilipili zilizowekwa mezani. Baada ya staftahi mgeni alitarajiwa kutoka nje mpaka saa ya mlo, inyeshe isinyeshe. Nadhani hii ni sababu kubwa kuliko zinavyokiri simulizi nyingi: mji uliojaa watu maelfu wasio na pa kukaa mchana kutwa ulilazimika kuwatafutia kitu cha kupanda.

Reli iliufikia mji mwaka 1846, ukiwa bado kama kijiji. Gati la kwanza la matembezi likajengwa mwaka 1863, la pili mwaka 1868, na la tatu mwaka 1893. Mwaka uliofuata, mwezi wa Mei, ukafunguliwa Mnara. Mfanyabiashara John Bickerstaffe, aliyekuwa meya, alikuwa ameuona mnara wa Eiffel kule Paris akaona hapana sababu ya Wafaransa kuwa nao peke yao. Wa Blackpool ni nusu ya ule kwa kimo, lakini chini yake waliweka mambo ambayo Eiffel hakuyafikiria: ukumbi wa dansi, wanyama, na sarakasi katikati ya miguu yake minne, ambako mwisho wa onyesho sakafu ilishuka na uwanja ukajaa maji. Mtoto aliyekwisha kuiona sakafu ikigeuka ziwa hakusahau, na aliporudi shule mwalimu alipata taabu kumfundisha lolote kwa siku kadhaa.

Tramu ilitangulia Mnara. Tarehe 29 Septemba 1885 Blackpool ilizindua tramu ya kwanza ya umeme kupita barabarani nchini Uingereza, kazi ya fundi Michael Holroyd Smith wa mji wa Halifax. Kwingineko tramu zilikuwa zikivutwa na farasi au kwa mvuke. Smith aliufukia umeme ardhini, katika mfereji mwembamba uliopita katikati ya reli mbili. Chini ya kila gari palikuwa na mkono uliopenya ufa wa mfereji na kugusa shaba iliyokuwa ndani, na gari likaenda bila waya wala moshi, kama linajisukuma lenyewe. Ulikuwa ubunifu safi kabisa kwa mji usio na bahari. Blackpool, siku za dhoruba, mawimbi hupanda ukuta na kumwagika barabarani. Mfereji ulijaa maji ya chumvi na mchanga, umeme ukavuja, cheche zikaruka, na siku nyingine farasi wakaletwa kuivuta ile ajabu ya karne mpya. Manispaa ilipoichukua njia hiyo mikononi mwake mwaka 1892 iliurithi mfereji pamoja na mchanga wake. Mwaka 1899 walichoka, wakasimamisha nguzo na kupitisha nyaya juu. Wakati huo kampuni nyingine ilikuwa imekwisha kufungua, mwaka 1898, njia ya kwenda Fleetwood, mji wa wavuvi upande wa kaskazini. Manispaa ikainunua nayo mwaka 1920, ikawa na reli ya pwani ya kilomita 18 hivi.

Watu waliipanda reli hiyo bila kuwa na pa kwenda, na wakuu wa mji waliliona hilo mapema. Mwaka 1911 wakaleta magari yasiyo na kuta wala paa, mabenchi tu yaliyopangwa safu baada ya safu. Watu wakayabatiza jina la kile kitu cha mezani cha kusimamishia mkate uliochomwa. Kondakta hakuwa na njia ya kupita katikati. Alitembea nje ya gari, juu ya ubao wa pembeni, mkono mmoja umeshika nguzo, mwingine unapokea fedha, na gari linakwenda. Magari hayo yalifanya safari ya mzunguko: yaliondoka ufukweni, yakapinda kuingia mitaa ya ndani, yakatokea tena ufukweni yalikoanzia. Njiani yalisimama ili abiria wote wapigwe picha, na waliporudi walikuta picha imeshasafishwa, inauzwa. Picha hizo zimo bado katika albamu za familia nyingi za Lancashire. Kila safu ina kofia zake, watoto wamebanwa pembeni kabisa, na nyuso zote zimeelekea kamera kwa ukali wa watu waliolipa. Gari la manispaa, tikiti ya manispaa, na hakuna aliyepelekwa popote. Kama hiyo si bembea, basi sijui bembea ni kitu gani.

Mabembea yenyewe yalianzia kusini mwa mji, kwenye vilima vya mchanga ambako familia za Waromani, jamii ya kuhamahama ya Ulaya, zilikuwa zimepiga mahema, zikisoma viganja na kuendesha vibanda vya michezo. Mwaka 1896 alifika hapo William George Bean, Mwingereza aliyerudi kutoka Marekani na haki ya kuendesha chombo kimoja cha kuchekesha: baiskeli zilizotembea juu ya reli ya mbao iliyoinuliwa mithili ya ua. Kilikuwa kimebuniwa New Jersey ili kuwapeleka wafanyakazi kiwandani asubuhi. Kazini hakikudumu, lakini pwani watu walikipanga foleni. Bean akashirikiana na John Outhwaite, wakanunua ardhi, na mahali hapo pakaja kuitwa Pleasure Beach. Bean alieleza nia yake waziwazi: alitaka bustani ya Kimarekani itakayowafanya watu wazima wajisikie watoto tena. Waromani, ambao ndio waliowavuta watu kwenye mchanga ule tangu zamani, waliondolewa miaka michache baadaye bustani ilipostawi. Simulizi za furaha za Blackpool hupita hapo upesi, na sioni kwa nini na sisi tupite upesi vilevile: walioanzisha biashara ile hawakuambulia kitu.

Mwaka 1904 bustani ikapata mashine ambayo inazunguka hadi leo. Ni nguzo kubwa ya chuma yenye mikono mirefu juu, na kila mkono umening'iniza chombo cha kukalia kwa nyaya. Ikianza polepole huoni cha maana. Kadiri inavyoshika kasi, vyombo hutupwa nje kwa nguvu ya mzunguko, nyaya zikalala, na abiria akajikuta ameinama juu ya vichwa vya watu wanaopita chini. Aliyeibuni ni Sir Hiram Maxim, mzaliwa wa jimbo la Maine aliyehamia Uingereza, ambaye Afrika Mashariki ilimjua kwa kitu kingine. Ndiye aliyebuni bunduki ya mashine. Lugard, ofisa wa Kiingereza, alikuwa nayo Mengo, Buganda, mwezi wa Januari 1892 alipopigana na watu wa Kabaka Mwanga. Na mwezi wa Agosti 1905, mwaka mmoja baada ya watoto wa Lancashire kuanza kuzungushwa angani, wapiganaji wa Maji Maji waliolivamia boma la Mahenge walifyekwa kwa bombomu za Wajerumani, silaha za ubunifu uleule.

Maxim mwenyewe alitamani kuruka. Mwaka 1894, kule Kent, aliijaribu ndege kubwa ya mvuke aliyoijenga juu ya reli. Ilijiinua, ikavunja reli ya pili iliyowekwa kuizuia isipande, ikaharibika. Kwa kuwa utafiti ulikula fedha nyingi, akaamua kuwauzia watu onjo la kuruka ili apate za kuendelea. Aliitaka mashine yake iwe na mabawa ambayo abiria angeyaongoza mwenyewe, apande na kushuka apendavyo. Wenye mamlaka ya usalama walikataa, mabawa yakatolewa, na Maxim akaona kazi yake imegeuka bembea ya kawaida ya sikukuu. Akapoteza hamu nayo. Bembea hiyo ya kawaida ndiyo iliyobaki. Ina zaidi ya miaka 120, imewabeba mabibi na vitukuu vyao, na hakuna hata mmoja kati yao aliyehitaji kulijua jina la Mahenge ili kuifurahia. Sisi tunalijua, ndiyo maana nimelitaja.

Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza mbao zilianza kupanda juu. Mwaka 1922 ikajengwa safina ya Nuhu iliyoyumba huku na huku, ukipita ndani yake sakafu zilikukimbia miguuni. Mwaka 1923 ikafuata Big Dipper, rolakosta ya mbao iliyosanifiwa na Mmarekani John Miller. Miller ndiye aliyewawezesha wenzake kuthubutu: aliweka gurudumu la ziada chini ya reli, lililolishika behewa lisiruke linapovuka kilele kwa kasi. Abiria hakuliona gurudumu hilo. Alichokiona, au tuseme alichokisikia, ni mlio wa kupanda. Behewa hushikwa na mnyororo na kuvutwa mlimani taratibu, na chini yake kipande cha chuma huruka jino hadi jino, tak, tak, tak, ili mnyororo ukikatika lisirudi nyuma. Ni kifaa cha usalama kabisa, lakini ndicho kilichowatia watoto hofu. Mlima wenyewe wa kushuka huisha kabla hujamaliza kupiga kelele. Ule mlio ndio unaokupa nafasi ya kujuta. Waliopanda wakiwa na miaka saba wanaweza kuuigiza kwa ulimi wakiwa na miaka themanini.

Bean alifariki mwaka 1929, na bustani ikashikwa na mkwewe, Leonard Thompson. Mwaka 1930 ilifunguliwa treni ya giza yenye mifupa na utando wa buibui. Marekani mabembea ya namna hiyo yalikuwa na jina la andazi lao lililosokotwa, ambalo kwa Mwingereza halikuwa na maana, basi wakaazima jina la tamthilia iliyokuwa ikivuma, The Ghost Train ya Arnold Ridley, na tangu hapo kila treni ya mizimu katika viwanja vya Uingereza huitwa hivyo. Msanifu majengo Joseph Emberton aliajiriwa kuipa bustani nzima sura ya kisasa, kuta nyeupe na mikunjo laini kama ya meli za abiria. Mwaka 1934 akajenga nyumba ya vichekesho yenye pipa linalozunguka na mitelezo mirefu. Nje yake, ndani ya kioo, alikaa sanamu mwenye taji akicheka na kutikisika mchana kutwa bila kukoma. Watoto wengi walicheka naye. Wengine walimwogopa kuliko mifupa yote ya treni ya giza, wakavutwa mkono kupita mbele yake wamefumba macho. Nyumba hiyo iliteketea kwa moto mwaka 1991.

Kitu cha akili zaidi katika enzi hiyo ni Grand National ya mwaka 1935, rolakosta ya mbao ambayo treni mbili hushindana bega kwa bega, abiria wakinyoosheana mikono kati ya reli na reli. Ukiondoka upande wa kushoto wa jukwaa, unarudi upande wa kulia. Watoto walibishana sana juu ya jambo hili, na baba zao, watu waliokesha na mashine, walisimama kando ya ua wakifuata njia kwa kidole. Siri yake ni kwamba hakuna njia mbili. Ni reli moja tu iliyojikunja ikajipita, na treni zote mbili zimo ndani yake.

Wakati Thompson na Emberton wakipaka bustani rangi mpya, manispaa ilikuwa na swali gumu. Tramu zilikuwa zimechakaa, na miji mingi ilikuwa imeanza kuzitupa kwa kununua mabasi. Mwaka 1933 akateuliwa meneja mpya, Walter Luff. Angeweza kupendekeza mabasi, na hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake alipeleka oda katika kiwanda cha English Electric, pale jirani Preston. Mwaka 1934 yakaanza kufika magari ya ghorofa yaliyonenepa kiunoni na kuviringika pembe, ambayo watu waliyaita Baluni, jumla yake 27, pamoja na magari 12 ya wazi yenye umbo la mashua. Ndani mlikuwa na mbao zilizong'arishwa, saa ukutani na viti laini. Mfanyakazi wa kiwandani hakuwahi kupanda kitu kizuri namna ile siku za kazi, na Luff alijua hivyo. Yeye hakuwa anauza safari ya kutoka hapa kwenda pale. Alikuwa na mshindani wake upande wa pili wa barabara, mwenye Big Dipper.

Kwa mtoto, kiti bora kilikuwa ghorofani mbele kabisa, nyuma ya kioo kilichopinda, ambapo bahari ilikuwa upande mmoja na taa za maduka upande mwingine. Tramu ikifika kituo cha kugeuzia haikugeuka; dereva alichukua mpini wake akahamia upande wa pili. Hapo kondakta alipita katikati ya viti akisukuma migongo yake, mmoja baada ya mwingine, ikaanguka upande wa pili kwa mlio mzito, na kiti kilichokuwa kikitazama kaskazini kikatazama kusini. Watoto waliruhusiwa kumsaidia. Waliokuwa wamekimbilia kiti cha mbele waligundua ghafla kwamba wako nyuma kabisa, vurugu ikazuka, na kondakta mzoefu alisubiri ipite.

Punda wa ufukweni nao wana sehemu yao. Mwaka 1942, katikati ya vita, manispaa ilipata nafasi ya kuwatungia kanuni: kazi isianze kabla ya saa nne asubuhi wala isivuke saa moja jioni, wapewe saa ya chakula, na Ijumaa wapumzike. Kumbuka kwamba likizo yenye malipo ya waliowapanda punda hao ilikuwa na umri wa miaka minne.

Mji ulikuwa na hila nyingine ya kurefusha msimu, nayo ilikuwa taa. Mwaka 1879 Blackpool iliwahi kuwasha taa nane za umeme ufukweni watu waje kuzishangaa. Mwaka 1912, Binti Mfalme Louise alipokuja kufungua sehemu mpya ya barabara ya ufukweni, wakatundika taa zipatazo 10,000, na baada ya kusitishwa na vita zikarudi mwaka 1925. Zilianza kuwaka majira ya joto yanapokwisha, wakati ambapo miji mingine ya pwani inafunga milango, zikaendelea mpaka vuli. Tramu zikavalishwa taa nazo. Mwaka 1925 ilitoka moja yenye umbo la mtumbwi wa Venice, mwaka uliofuata moja ya umbo la boti ya uokoaji. Vita Vikuu vya Pili vilizima kila kitu, na taa hazikuwaka tena mpaka 1949. Watoto waliokulia gizani wakati wa mabomu walibebwa mabegani kwenda kuona kilomita kadhaa za mwanga ambao hakuna aliyewakataza kuutazama.

Kizazi kilichofuata kina tramu zake. Mwaka 1961, miezi michache baada ya Gagarin kuizunguka dunia, karakana ya manispaa ilitoa tramu iliyojengwa kama roketi, pua yake imeinuliwa kuelekea angani. Mwaka 1962 ikafuata treni ya mvuke ya kimagharibi, ile ya sinema za ng'ombe na bastola, iliyokuwa na behewa lake nyuma. Mwaka 1965 ikaja manowari. Mafundi waliozijenga walichukua magari makuukuu ya kabla ya vita, wakayavua bodi, wakayavisha mbao, mabati na taa. Fikiria ofisi ya manispaa, penye faili na mihuri, ikiidhinisha fedha za kutengeneza roketi.

Na hapa ndipo hesabu ilipofungwa. London iliendesha tramu yake ya mwisho mwaka 1952, Sheffield 1960, Glasgow 1962. Wataalamu walisema tramu zinazuia magari, nyaya zinachafua mandhari, basi ni bora. Blackpool yenyewe iliusikiliza ushauri huo kwa nusu. Kati ya 1961 na 1963 iling'oa njia zote zilizosalia za mitaa ya ndani: ya Lytham Road, ya Marton, na ya kwenda stesheni ya kaskazini. Hizo ndizo zilizowapeleka watu kazini, sokoni na nyumbani. Iliyoachwa ni ile ya ufukweni. Kwa miaka 30 iliyofuata, mpaka Manchester ilipozirudisha tramu mwaka 1992, hapakuwa na mji mwingine mkubwa wa Uingereza wenye tramu za umeme barabarani. Ni kweli kwamba reli ya ufukweni ilikuwa na njia yake pembeni, haikubanana na magari, na watu wa Fleetwood waliitegemea kila siku. Sababu hizo zilisaidia. Lakini zile zenye kazi nzito zilikufa zote, na iliyokuwa nusu usafiri na nusu bembea ikapona.

Haikupona kwa sababu mambo yalikuwa mazuri. Viwanda vya pamba vilikuwa vinafungwa kimoja baada ya kingine miaka ya 1960 na 1970, na pamoja navyo yale majuma ya mapumziko. Waliobaki na kazi waligundua Uhispania, ambako jua halina masharti. Stesheni ya kati ya Blackpool, iliyokuwa ikishusha umati hatua chache tu kutoka Mnara, ilifungwa mwaka 1964. Nyumba za wageni zikageuzwa vyumba vya kupanga vya watu maskini, na leo Blackpool ni miongoni mwa miji yenye hali ngumu kuliko yote nchini. Bustani ilijibu kwa kupanda juu zaidi: mwaka 1994 ilifungua rolakosta ya chuma yenye kimo cha mita 65 hivi, ndefu kwenda juu kuliko zote duniani wakati huo. Huko juu unaona bahari yote, kama macho yako yako wazi.

Tramu za zamani zimetawanyika. Baadhi ya zile mashua za 1934 zilivuka bahari ya Atlantiki, na namba 228 imebeba abiria katika barabara ya Market, San Francisco, mbele ya Wamarekani wanaodhani ni ya kwao. Nyumbani, mwaka 2012, njia nzima ilifunguliwa upya kwa magari 16 marefu ya kisasa yaliyotengenezwa na Bombardier, yenye sakafu ya chini ili kiti cha magurudumu na kigari cha mtoto viingie bila kunyanyuliwa. Ni magari mazuri. Hayana ghorofa, na migongo ya viti vyake haigeuki. Kondakta bado yupo, anapita na mashine yake ya tikiti. Mwaka 2024 manispaa ilirudisha reli hadi stesheni ya kaskazini, ilikokuwa imeziondoa tramu mwaka 1963. Sasa familia ikishuka kwenye treni ya Preston na mabegi yake haina haja ya kutafuta teksi. Inavuka barabara, inapanda tramu, na ubishi wa nani akae dirishani unaanza upya kabla bahari haijaonekana.